Oili ya Giaboksi Haipotei, Huenda Mahali

Giaboksi ya gari la oto, lile linalojibadilishia gia lenyewe, haili oili. Injini yaweza kula kidogo kidogo, hasa ikishazeeka, ukaiongeza mwezi huu na mwezi ujao tena, na gari likaendelea kwenda. Giaboksi siyo hivyo. Oili yake haichomwi pamoja na petroli wala haitoki na moshi. Inazunguka mle mle ndani tangu siku iliyotiwa. Ikipungua, imevuja. Nalitanguliza hili kwa sababu majirani zangu hapa Shella, Malindi, tangu wajue kwamba najipimia mwenyewe, huja na kopo mkononi kuniuliza waongeze kiasi gani, nami huwauliza kwanza hiyo iliyopungua imekwenda wapi. Wengine huona nawazungusha.

Gari langu ni Toyota Corolla, ile watu waiitayo NZE, oto ya gia nne. Kazi yake ni kubeba sufuria. Napika vyakula vya shughuli: pilau, biriani, sambusa, mahamri, viazi karai wageni wakiwa watoto. Na harusi haziko mjini peke yake. Leo Mambrui, wiki ijayo Gede, mara Gongoni. Sufuria zikijaa, juu yake mapipa ya sharubati na barafu, gari linakaa chini kwa nyuma, na njia za kuingilia vijijini ni mchanga mtupu. Linakokota kwa gia ya chini, jua la Februari liko utosini. Tabu yote hiyo inapokewa na oili ya giaboksi. Gari la oto halina klachi ya kukanyaga. Nguvu ya injini inapitia kwenye oili yenyewe ndani ya konveta, lile duara kubwa baina ya injini na giaboksi, na shinikizo la oili hiyo hiyo ndilo linalobana klachi za ndani hata gia zikabadilika. Juu ya hayo inalainisha vyuma na kuvipoza. Ikiwa haba, pampu inavuta hewa, shinikizo linaanguka, klachi zinateleza, kuteleza kunaleta joto, na joto linaiunguza ile oili kidogo iliyobaki.

Kwangu dalili ilianza asubuhi. Nikitia R, gia ya kurudi nyuma, kutoka uani, gari linakaa kimya, kisha linashtuka ndipo linakwenda. Likipata moto linapona. Fundi niliyempelekea alilisikiliza akiwa amesimama, hakufungua hata boneti, akasema giaboksi imekufa, ishushwe, itafutwe nyingine ya kutoka Japani kule Mombasa. Hesabu aliyonipa ilikuwa ya kuuza gari, si ya kulitengeneza.

Ami yangu, ndugu wa baba, aliendesha malori na baadaye magari ya watalii baina ya hapa na Tsavo mpaka macho yalipomkatalia. Siku hiyo nilipita kwake kumwamkia.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na kijiti kimesema nini?"

"Kijiti kipi, ami?"

"Basi gari hujalipeleka kwa fundi. Umelipeleka kwa mpiga ramli."

Akavaa viatu, tukatoka uani.

Ukifungua boneti ya NZE, kijiti cha kupimia oili ya injini hakitafutwi. Cha giaboksi kiko upande wa abiria, chini, karibu na betri, kimejificha kwenye mapaipu, na kuna watu wameendesha gari hili miaka bila kukiona. Kimeandikwa COOL chini na HOT juu, na kila neno lina mipaka yake miwili. Sababu ni kwamba oili hii ikipata moto huvimba sana. Ile inayoonekana haba ukiwa ndiyo kwanza umeamka, adhuhuri inaweza kuwa sawasawa. Alama za baridi zinafaa kwa kukisia tu. Za kutegemewa ni za moto, na moto wenyewe si ule wa kwenda sokoni na kurudi. Mshale wa joto pale mbele ya usukani unapima maji ya injini, ambayo hupata moto upesi, giaboksi huchelewa. Mimi hulitoa mpaka Mambrui, navuka daraja la Sabaki kwenda na kurudi, hapo oili inakaribia nyuzi 70 au 80 za Selsiasi, na kijiti ukikishika unataka kukiachia.

Baada ya hapo ni mahali pa kuliegesha. Uwanja wetu umeinama kuelekea mtaroni, jambo la busara mvua zikija, lakini kwa kazi hii haufai hata kidogo. Oili hulala upande ulio chini, na kijiti kitakupa habari za mteremko. Jirani ana sakafu ya saruji mbele ya stoo yake. Niliipima kwa pimamaji ya mwashi, ikawa tambarare, na tangu hapo naomba ruhusa ya kuegesha pale. Usiponipata nyumbani Jumapili asubuhi, niko huko.

Sasa linakuja jambo ambalo waliozoea kupima injini hulikosea. Injini hupimwa ikiwa imezimwa. Giaboksi ya gari kama hili hupimwa injini ikiunguruma. Navuta breki ya mkono, naweka mawe mbele na nyuma ya gurudumu, nakanyaga breki, kisha naipitisha gia taratibu: P, R, N, D, 2, L, kila moja naipa nafasi ya kushika, narudi nazo mpaka P. Kwa kufanya hivyo oili inaingia kwenye vijia vyote inavyotakiwa kuwamo. Ukizima, pampu inasimama, oili nyingi inashuka kwenye sampu, lile karai la chini ya giaboksi, na kijiti kinaonyesha shibe isiyokuwapo. Lakini usilichukue hili ukalipeleka kwenye gari la kila mtu. Honda nyingi za zamani zenye kijiti hupimwa baada ya kuzimwa, tena upesi, ndani ya dakika moja hivi au moja na nusu. Kila kampuni na desturi yake, na kitabu cha gari ndicho chenye neno. Cha gari langu kiko ndani ya dashibodi, kizuri, safi, na chote ni Kijapani.

Kwa vile injini inafanya kazi, hii si kazi ya kufanya na nguo zinazopepea. Mimi huvua buibui, nikajifunga leso kiunoni, mikono ya gauni nikaipandisha juu ya viwiko. Mkanda wa injini unazunguka muda wote, na feni ya rejeta ni ya umeme, inaanza bila kubisha hodi. Watoto nawapeleka kwa nyanya yao.

Kitambaa nacho kina mambo yake. Taulo haifai, pamba ndiyo mbaya zaidi. Ndani ya giaboksi kuna vijia vyembamba na vali ndogo ndogo, na uzi mmoja ukinasa pale gia itakusumbua usijue kwa nini. Natumia kipande cha shuka kuukuu, lililofuliwa mpaka likaisha nyuzi za kutoka. Navuta kijiti, nakipangusa, nakirudisha mpaka mwisho, navuta tena na kusoma. Nasoma pande zote mbili, kwa sababu upande mmoja mara nyingi umejipaka ukutani mwa bomba wakati unatoka, ukaonyesha juu kuliko kweli. Ulio chini ndio wa kuaminiwa. Kisha narudia, maana kijiti cha giaboksi ni kigeugeu.

Siku ile na ami, kilitoka na oili kwenye ncha tu, chini ya alama zote za moto.

"Angalia rangi kabla hujasikitika," akaniambia.

Oili nzuri ya aina hii ni nyekundu, inapitisha mwanga, haina harufu ya kuudhi. Ikikaa sana inakuwa ya hudhurungi, na hilo peke yake si msiba. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, basi ni klachi za ndani zilizokwisha kuungua, na kuongeza oili hakutazirudisha. Niliisugua kwa kidole gumba na cha shahada: hakuna chenga. Nikaidondoshea juu ya karatasi nyeupe, ikatanda nyekundu iliyofifia. Giaboksi niliyoambiwa imekufa ilikuwa na kiu tu.

Rangi inayonitisha mimi kuliko nyeusi ni ya waridi iliyochanganyika na maziwa. Hiyo ni maji. Niliiona kwenye Toyota Probox ya shemeji yangu, mume wa dada yangu, anayebeba abiria upande wa Garsen. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipoifunika barabara ya Lamu, yeye alikuwa miongoni mwa waliopita kabla maji hayajawashinda. Alifika salama, akatusimulia kwa fahari. Ilichukua muda kabla gia hazijaanza kusitasita. Kwa juu giaboksi ina kitundu cha kupumulia. Gari likiwa la moto likatumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta kilicho karibu, na kilicho karibu siku ile kilikuwa Mto Tana. Maji hayo huingia kwenye karatasi za klachi na kulegeza gundi yake. Alimwaga na kutia mpya, akarudia na kurudia, kwa sababu ukifungua boliti ya chini ya giaboksi ndogo kama hizi oili haitoki yote. Sehemu kubwa inabaki ndani ya konveta. Asiyepita kwenye mafuriko akiona rangi hiyo na achungulie rejeta. Oili ya giaboksi hupelekwa kupozwa kwenye bomba lililo ndani ya rejeta, na likitoboka, maji na oili hutembeleana.

Haya, iongezwe oili gani? Nilikwenda duka la spea nikiwa na jina lililochongwa kwenye kijiti changu: T-IV. Kijana wa dukani akaniwekea kopo la Dexron.

"Zote nyekundu, mama. Ni moja tu."

Rangi ile ni ya kutiwa. Imewekwa ili mtu aitofautishe na oili ya injini akiona doa, haisemi lolote kuhusu kilichomo. Dexron ni kipimo cha General Motors. T-IV ni cha Toyota, na WS, iliyokuja baadaye, ni nyepesi kuliko T-IV na haziwekwi moja pahali pa nyingine. Zinatofautiana kwa namna zinavyoachia klachi ziteleze kidogo kabla ya kushika. Ukikosea, gari linatetemeka konveta inapofunga, au gia zinapiga teke. Kinachowachanganya watu ni kwamba Dexron ina mahali pake kwenye Toyota pia: pawa stering ya zile za umri huo zenye pampu ya oili hutumia hiyo. Kwa hiyo fundi anayo siku zote, na mkono wa mtu huenda kwenye kopo lililo karibu.

Nikitaka kujua ugumu wa kupata mtelezo unaofaa, huwakumbuka nyangumi wanaopita hapa baharini kwetu kuanzia Julai mpaka Septemba, watalii wakiwafuata na maboti kutoka Watamu. Si hao hasa, ni jamaa zao. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 oili za giaboksi za oto kule Marekani zilichanganywa na mafuta ya aina moja ya nyangumi, kwa sababu hayakuwa na mfano katika kazi hiyo. Sheria ya kuwalinda viumbe ilipoyapiga marufuku, wahandisi walihangaika kutafuta kemikali za kushika nafasi yake. Halafu mtu ananiambia zote ni moja kwa kuwa zote nyekundu.

T-IV niliipata duka la pili, kopo limefungwa kiwandani. Ya kupimiwa kutoka pipani siinunui, hata muuzaji akiwa mcha Mungu.

Kutia ni kazi ya subira, na ndipo wengi wanapoharibu. Bomba la kijiti ndilo mlango wenyewe, jembamba, kwa hiyo pawe na faneli yenye mpira mrefu mwembamba, uliooshwa na kukauka. Baina ya mipaka miwili ya HOT hapana nafasi kubwa, aghalabu nusu lita haitoshei. Mwenye kumimina kopo zima la lita moja kwa kuwa amelinunua zima, amejaza kupita kiasi. Nilichora mistari kwenye chupa ndogo ya maji, nikawa natia mstari mmoja, nangoja ishuke, napitisha gia tena, napima. Kuta za bomba zikilowa kijiti hakisomeki, ni kungoja tu. Ami alikuwa kwenye kibao anakunywa kahawa, kila nikitaka kuongeza ananyanyua kidole.

Kuzidisha kuna madhara yake. Vyuma vinavyozunguka vikiifikia oili vinaipiga mpaka inatoa povu; povu ni hewa, na hewa haibani klachi. Gari linaanza kuteleza vile vile kama lililopungukiwa, mwenyewe anaongeza tena. Nimeliona hilo kwa jirani, oili ikitoka kwa juu na kudondokea karibu na ekzosi ya moto, harufu imejaa mtaa mzima, na hapo hata moto unaweza kuwaka. Tuliipunguza kwa bomba kubwa la sindano la mifugo lililotiwa mpira mwembamba, tukavuta kupitia pale pale pa kijiti. Ilichosha, lakini ilifaa.

Gari langu lilipofika kati ya alama mbili, nikatia R. Likashika papo hapo. Nikataka kufunga boneti.

"Ngoja," akasema ami. "Sasa ndiyo kazi inaanza."

Ile iliyopungua ilikuwa mahali. Usiku ule tukatandika makatoni chini ya gari, mapana, kutoka gurudumu mpaka gurudumu, kila moja nikaandika liko upande gani. Gari la Malindi hudondosha mengi. Maji safi ni ya AC, hayana neno. Oili ya injini ni nyeusi. Maji ya rejeta ya Toyota huwa mekundu au ya waridi, na hayo ndiyo yanayowadanganya watu; yasugue vidoleni, ni mepesi na hukauka yakaacha unga, wakati oili ya giaboksi inateleza na haikauki. Asubuhi kulikuwa na doa jekundu moja, dogo kuliko nilivyotarajia, upande wa abiria, palipo na shafti ya gurudumu. Tone dogo namna hiyo, usiku kwa usiku, ndilo lililokuwa linakula giaboksi.

Nilidhani tungekuta kutu. Hewa ya chumvi huku pwani haisamehi sampu wala vipaipu vya kupozea oili, na magari yaliyokaa karibu na bahari huvuja hapo. Langu lilikuwa na kutu ya juu juu tu. Fundi kijana wa mtaa wa Kisumu Ndogo alilinyanyua kwa jeki, akaweka na vigingi vya chuma kabla hajaingia chini, hilo likanifanya nimwamini kabla hajashika spana. Aliichomoa shafti, akapitisha ukucha pale inapokaa oili sili, ule mpira wa kuzuia oili isitoke. Kama kungekuwa na mfuo, sili mpya ingevuja nayo. Hakukuwa. Akabadilisha sili, tukatia oili kadiri ya iliyomwagika, nikaenda Mambrui na kurudi, tukapima.

Iliyomwagika niliiweka kwenye dumu. Wako wanaoimwaga mchangani, na visima vyetu hapa Shella si vya kina. Mjomba mmoja aliichukua akapaka nguzo za banda lake, anasema mchwa hawaitaki.

Yote haya ni ya magari yenye kijiti, na hayo yanakwisha. Probox zilizotengenezwa tangu 2014 zilikuja na CVT, oto isiyo na gia za hatua bali mkanda wa ndani, nayo haina kijiti; kipimo chake ni boliti ya chini inayofunguliwa injini ikiunguruma, gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa pande zote na oili ikiwa kwenye joto maalumu linalosomwa kwa mashine. Oili yake nayo ni ya CVT peke yake. Ukiitia ya oto ya kawaida unaua mkanda wa ndani. Gari la namna hiyo silifungui uani, na kampuni zikisema oili yake ni ya maisha, mimi huuliza maisha ya nani, ya gari au ya dhamana.

Lakini katoni linatandikika chini ya gari lolote. Binti wa jirani ana Probox hizo mpya, alikuja juzi na chupa yake, nikamrudisha nayo nyumbani akatandike kwanza. Asubuhi akaja amelikumbatia, lina doa katikati. Nilimwambia alipeleke kwa fundi hivyo hivyo, asilikunje, na aandike mbele ya gari ilikuwa upande upi.